Ongeza Njano

Saa tisa alasiri ya Januari, Tampere imeshazimika,
na bado Tauno anasema giza halitoshi.
Theluji inavujisha mwanga, anasema,
kama mtu asiyejua kutunza siri.
Basi anaingia saunani, chumba pekee kisicho na dirisha,
anaziba upenyo wa mlango kwa blanketi la jeshi,
anapanga chupa za dawa kwenye benchi tulilokalia uchi
miaka thelathini na nne, tukichapana migongo kwa matawi mabichi.
Mashine ya kukuzia picha imekaa juu ya jiko la mawe.
Siku hizi tunaoga bombani, kama wageni.

Picha nyeusi na nyeupe zilimruhusu taa nyekundu.
Karatasi ya rangi haitaki taa.
Haitaki hata mng'ao wa saa yake ya mkononi:
ameivua, ameiacha jikoni ihesabu peke yake.

Mimi hukaa benchi la chini na mtungi.
Nauviringisha juu ya maji ya digrii thelathini na nane,
joto la mtoto anayeanza homa,
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
naye anahesabu sekunde kwa sauti ya kanisani.

Sijasema: Tauno hatofautishi nyekundu na kijani.
Matunda ya msituni huyachuma kwa vidole, si kwa macho.
Siku ya harusi yetu kila soksi ilikuwa na kabila lake.
Mimi nilikuwa mtia rangi kiwandani,
miaka ishirini na tisa kwenye mapipa ya pamba,
mikono ikirudi nyumbani buluu Jumatatu, hudhurungi Alhamisi.
Gizani tuko sawa.
Taa ikiwaka, mimi ndiye mwenye macho.

Picha ni ya Sirkka, miaka kumi na mmoja,
na kofia ya sufu niliyoichovya mwenyewe
kwenye masalia ya pipa la Ijumaa.
Rangi gani? Tauno huuliza,
kama anayeuliza habari za mji ambao hatafika.
Ya kutu, nasema. Kutu iliyonyeshewa.

Tunakausha kwanza, maana picha mbichi hudanganya.
Kisha naipeleka chini ya taa, nakunja uso.
Njano imezidi, nasema.
Na sheria ya kazi hii imesimama kichwa chini:
ukitaka njano ipungue, ongeza njano kwenye kichujio.
Anaongeza tano. Tunarudi gizani.
Njano bado.
Anaongeza kumi.
Karatasi saba usiku ule, na bei yake naijua.
Ya saba nikasema: sasa.
Tukaitundika. Tukanywa kahawa bila neno.

Pasaka, Sirkka akaja,
akasimama mbele ya picha na koti bado mwilini.
"Mama, mbona nimekuwa maiti?
Mbona theluji ni buluu?"
Nikaitazama: theluji nyeupe, kofia ya kutu.
Nikatazama kitambaa cha meza, nilichodhani kimechakaa.
Nikatazama maziwa.

Daktari alinimulika kwa kijitaa, akalitaja jina:
mtoto wa jicho. Kulia na kushoto.
Wamekua polepole, alisema, ndiyo maana hukuwaona.
Mapacha, nikamwambia, na kwa umri huu.

La kulia wamelipasua Jumanne.
Nikilifumba, dunia yote imechovywa kwenye chai.
Nikifumba la kushoto, mwanangu ana midomo ya baridi
na kofia kama zabibu.

Jana ndipo nilipokumbuka:
macho ya Tauno yana ugomvi na nyekundu, na kijani.
Na buluu hayana ugomvi wowote.
Uliiona, nikamwambia.
Akaendelea kumenya kiazi.
Tangu karatasi ya tatu, akasema. Lakini wewe ndiye mtia rangi.

Maji yanapashwa moto sasa. Blanketi liko mlangoni.
Ananiita kutoka ndani:
tunatoa njano ngapi?
Nami niko ukumbini, kiganja juu ya jicho moja,
kisha juu ya jingine.
Ngoja, nasema. Ngoja kwanza.