Nne Nukta Tisa

Daktari wa mama nilimchagua kwa kidole gumba,
kitandani, saa nane usiku, Rosario yote imelala
isipokuwa meli za nafaka zikikoroma mtoni Paraná.
Nne nukta tisa. Nani angesita?
Walisifu tabasamu lake. Walisifu viti vya ngozi.
"Hakucheleweshi," aliandika mmoja, "dakika saba uko nje."

Kweli, dakika saba mama akawa nje,
anacheka, mkononi cheti cha dawa ya tumbo.
Uvimbe ulikuwa chini ya mbavu,
ulihitaji mkono tu
na dakika ya nane.

Tulimzika Julai, baridi ikiuma masikio.
Nimerudi kutazama: bado nne nukta tisa.
Mama hajasema kitu.
Wafu hawatoi nyota.

Lakini nisiyatukane maneno yote.
Maite wa ghorofa ya chini alisoma mstari mmoja
wa mtu asiye na jina, wenye makosa matatu ya tahajia:
usiende peke yako kwa yule wa jengo la kona,
mikono yake haina adabu.
Hakwenda. Miezi sita baadaye polisi ndio walikwenda.
Tahajia na ikosewe.

Mimi usingizi uliponikataa
nikatafuta mtu wa kunisikiliza.
Hapa kwetu wanasaikolojia ni wengi kama maduka ya mikate.
Bi Ottonello: nyota moja, ya mtu mmoja.
"Nililia saa nzima, hakunipa hata neno.
Mwishoni akaniuliza: na wewe je, ulifanya nini?"
Chini yake, hakuna jibu.
Angejibu vipi? Akisema "si kweli"
amekwisha kukiri kwamba mtu huyo aliketi pale.

Nikaenda kwa sababu ya nyota hiyo moja.
Alhamisi ya nne likanifikia na mimi:
na wewe je, ulifanya nini?
Mate ilipoa kwenye kibuyu chake.
Nikasema, nilichagua.
Hakunifariji. Hakuondoka pia.

Usiku huu nimemwandikia:
Chumba kina baridi, njoo na sweta.
Saa ya ukutani iko nyuma dakika nne, usimwambie.
Akinyamaza, ngoja.

Nimebonyeza tuma. Imekataa,
inataka nyota kwanza.
Kidole gumba kiko hewani,
kilekile.