Udongo Mwekundu

Maji yalipokuwa yakipotea njiani kule Igurusi
baba hakumtuhumu mtu.
Alichota udongo mwekundu, ndoo nzima,
akaumwaga penye banio,
kisha akatembea na jembe begani, taratibu,
akiufuata wekundu
mpaka akaukuta unachungulia
kwenye mpunga wa jirani:
tundu la kaa. Kaa tu.

Nimelikumbuka hilo leo, Mbeya mjini.
Juni. Baridi ya Loleza imeingia hadi chumba cha kamera.
Kidevu changu kiko juu ya chuma,
mkono umenyooshwa,
na Sista Subilaga anautafuta mshipa.
"Utasikia kichefuchefu. Usiyumbe."

Dawa yenyewe manjano, binzari iliyokolea.
Nikahesabu, na kabla ya kumi na tano
ilishapita kwapani, ikapita moyoni,
ikafika jichoni.
Mwanga wa buluu ukapiga.
Ukapiga tena.

Miezi saba nimeitazama dunia
kwa nyuma ya moshi wa kuni mbichi.
Mwanjelwa waliniuzia matone ya aina tatu.
Mama mkwe akasema ni mtu, akamtaja na jina,
nami, Mungu anisamehe,
nikaanza kumpita huyo mtu bila salamu.

Daktari Mwaisaka aligeuza kioo nione.
Mishipa yangu, myeupe gizani,
ilitapakaa kama mifereji ya Usangu
ukiitazama toka kona za Matamba.
Halafu, picha baada ya picha,
kingo zikalegea,
weupe ukatambaa nje ya mstari,
ukatuama katikati, umbo la ua.

"Hapa," akasema. "Na hapa.
Mshipa mzima hauvuji. Huu una moto ndani."
Nani kauwasha?
Akavua miwani, akaifuta kwa koti.
"Picha inaonyesha wapi.
Nani, au nini, bado. Tutapima damu. Tutapima kifua.
Wengine hatuwapatii jibu, ila tunauzima."

Nilirudi na vidonge vya kupunguza kidogo kidogo,
na ngozi iliyomchekesha mwanangu Anyitike,
na mkojo, usiku ule,
rangi ya soda ya chungwa.

Asubuhi nilimkuta yule mtu banioni.
Nikamwamkia mimi kwanza.
Akaitikia. Akanitazama sana.
"Mama Anyitike,
mbona umekuwa manjano hivyo?"