Ala ya Bendera

Bendera ya gari haipepei kwa ajili ya gari.
Akiwamo yeye, naivua ala, na jua la Uruguay
linaichungulia Warszawa kwa macho yake mawili;
akishuka, naivika tena ngozi yake,
nami narudi kuwa Mirosław, dereva.

Nimewaendesha mabalozi wanne. Huyu, Bwana Etcheverry,
ndiye wa kwanza kuniuliza jina la mama yangu.

Siku ya kupeleka hati za utambulisho
theluji ilikuwa imegoma kuyeyuka. Aliishika bahasha
kama mtu aliyebeba mayai.
Miaka thelathini na mmoja kazini, aliniambia baadaye:
Quito, Ankara, Oslo, dawati la nyuma, dawati la mbele,
ndoa moja iliyopotelea njiani baina ya makontena mawili,
ili aingie ukumbini, ainame, aseme sentensi tisa,
apewe mkono, apigwe picha, atoke.

Mjumbe hauawi, wasemavyo.
Kweli, hauawi. Huchakaa.
Huchakaa viganja kwa salamu,
huchakaa tumbo kwa karamu za watu asiowapenda,
huchakaa hata neno "bila shaka".

Usiku ule simu ilipotoka kwao Paysandú
nilimsikia, kiti cha nyuma, akimjibu dada yake:
"Tunafuatilia hali kwa karibu."
Kimya.
Kisha polepole, kama anayesahihisha mtihani wake mwenyewe:
"Mama amekufa saa ngapi?"
Sikutazama kiooni. Hiyo nayo ni kazi.

Mkataba wa nyama siukumbuki sana,
ingawa ulimgharimu miaka mitatu na jino moja.
Nakumbuka Gdańsk: baharia kijana, Wilmar,
mguu umesagwa na winchi, wodi nzima hakuna amwelewaye.
Balozi alivua koti, akakaa ukingoni mwa kitanda hadi alfajiri
akimtafsiria maumivu: hapa, hapana, chini kidogo, hapo.
Hakuiandikia ripoti. Nilimwuliza.
"Niandike nini?"

Leo muhula wake umekwisha.
Nilipoinua mkono kuivua ala, alinizuia:
"Acha, Mirosław. Mimi si nchi tena."
Akafungua mlango wa mbele, akasogeza glavu zangu na mkate,
akaketi kando yangu, magoti yamebana,
akishangaa barabara ilivyo pana ukiitazama kutoka huku.

Kesho kutwa anakuja mwingine.
Jina lake nimepewa kwenye karatasi.
Kila taa nyekundu, nalifanyia mazoezi.