Usicheke Kwanza

Jumamosi tulizilaza picha juu ya meza ya cherehani,
nyuma ya studio ya Lechipya, pale Chang'ombe,
feni ikizunguka kwa kusuasua,
na yangu ikawa ya mwisho kufunuliwa.

Mama Damari wa Hombolo, mvuna zabibu,
kisu cha kukatia vishada mkononi, kanga begani,
uso umekazwa kama mlango wa ghala.
Niliipenda. Niseme kweli: nilikwisha kuipa jina,
nikauona hata ukuta itakapotundikwa.

Akaanza Lechipya, bingwa wa picha za pasipoti,
miaka ishirini akiambia watu wainue kidevu:
"Saa sita, ndugu yangu! Jua la Dodoma la saa sita
halipigi picha, linapiga watu.
Tazama macho: mashimo mawili ya panya."
Nikajibu upesi, ndiyo saa anayofanya kazi.
"Basi ungengoja apumzike," akasema, akamenya karanga.

Ndahani akagusa ukingo wa karatasi.
"Hapa umemkata kidole gumba.
Mtu anakula ugali kwa mkono huu, wewe umemwachia vinne."
Wakacheka. Nami nikacheka, cheko la kukopa.

Sechelela hakucheka.
Aliisogeza picha dirishani, akairudisha,
akauliza kama anayeuliza bei ya nyanya:
"Ulimwambia asicheke?"

Hapo ndipo nilipojitetea mno.
Nikataja lenzi, nikataja kivuli,
nikataja hadhi, nikataja ukweli;
mtaja mengi hana moja.
Nikaondoka na picha kwapani, bila kuaga vizuri,
na upepo wa Agosti ukanipaka vumbi
sawasawa na kila mtu barabarani.

Usiku, chai imepoa, nikakumbuka.
Alikuwa anacheka. Tangu naegesha pikipiki alikuwa anacheka,
akimsimulia mwenzake habari za mbuzi
aliyelewa makapi ya zabibu akaenda kulala kanisani.
Cheko lenye pengo la jino, lenye kikohozi ndani yake.
Nami, jicho moja nimelifumba, nikainua mkono:
"Mama, usicheke kwanza."

Kwanza.
Kana kwamba ningemrudishia baadaye.

Nilitaka taabu. Nilikuja nayo kutoka mjini,
imekunjwa mfukoni, nikitafuta uso wa kuuvisha.

Jumatano nikampelekea nakala yake.
Akafuta mikono kwenye kanga, akaitazama,
akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichoandikwa.
"Huyu amenuna nini? Kwani alikuwa anakudai?"
Na kweli alikuwa ananidai:
kilo mbili za zabibu, tangu siku ile.

Nikalipa. Akacheka. Nikanyanyua kamera kwa haraka ya mwizi.
Kichwa kimetikisika, kishada kimegeuka ukungu,
kidole gumba kipo, tena kikubwa,
kimeziba nusu ya shavu.

Jumamosi nitailaza mezani.
Lechipya atasema jua, na atakuwa na haki.
Sechelela sijui atauliza nini.
Njia nzima kutoka Hombolo nimekuwa nikitunga majibu,
nikiyatupa moja moja.