Jani la Isale

Nilichuma moja tu, mpakani, kwa mjomba Ndesario kule Uru,
alfajiri, kabla zamu yetu ya mfereji haijafika.
Nikalikunja ndani ya pasipoti.
Sikumwambia mtu.

Mama alikuwa sebuleni anafunga kahawa, kilo tatu.
"Wape. Waambie hii ndiyo iliyomshika."
Akaongeza kitenge. Akakitoa. Akakirudisha.
Hatujui watu wa kule wanavaa nini.

Cha babu tulichobaki nacho: kisu cha kupogolea mibuni,
pua hii,
na barua kumi na moja ndani ya kopo la biskuti.
Bibi alizianika kila Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani,
akazigeuza kama mbege inayosubiri ulezi, kwa subira,
yeye asiyejua hata herufi moja ya Kigiriki.

Kisiwa ni kikavu. Mawe, mbuzi, mawe.
Sikuona mgomba hata mmoja,
nikamwelewa kidogo.

Evanthia, binti wa mdogo wake, alizisoma kwa sauti,
mjukuu wake akanitafsiria, huku akichezea simu.
Barua kumi zilisema jambo lilelile: njoo, zabibu zimeiva.
Ya kumi na moja ni mwandiko wa padri:
mama yako hajaacha kuuliza.

Stamatis, wakanieleza, ni neno la kusimamisha.
Mama yake alikwisha zaa saba, akamwomba Mungu, basi.
Kwa hiyo babu yangu alikuwa amri.
Akapanda garimoshi kutoka Tanga,
likafika Moshi, likasimama,
naye akasimama miaka arobaini na sita.

Kaburi la yule mama liko juu, ukutani mwa kanisa.
Nikatoa jani. Lilikuwa limeanza kuwa kahawia.
"Nini hicho?"
Kwetu, ukimkosea mtu, unampelekea hili.
Akilipokea, hana budi kusamehe.
"Na asipolipokea?"
Nikasema sijawahi kusikia.
Nikaliwekea jiwe juu,
maana upepo wa kule hauna mila.

Nimerudi Jumanne. Mlima umefunikwa.
Mama ameacha ndizi jikoni, amekuja hadi getini,
anafuta mikono kwenye kanga, ananiuliza:
"Walipokea?"

Namjibu kuhusu kahawa.