Unene wa Mstari

Nilichora ubaoni Safu ya Chumvi
kwa chaki mbili, maana ya tatu iliibwa:
mashariki mto Jhelum, magharibi Indus,
na katikati milima iliyojikunja
kama mkeka ulionyeshewa ukasahaulika juani.

Nikasema: kusini imekatwa wima, mfano wa mkate,
kaskazini inajilaza taratibu hadi uwanda wa Potwar.
Kilele ni Sakesar. Miguuni pake kuna ziwa
lisilonyweka hata na punda.
Wakaandika.

Kisha madini. Chini kabisa chumvi ya waridi,
masazo ya bahari iliyokauka
kabla kiumbe chochote hakijaota mfupa.
Juu yake udongo mwekundu, jasi, mawe ya chokaa
yanayosagwa kuwa saruji ya maghorofa ya Lahore.
Na hapa, nikaburuta chaki kwa ubapa wake,
makaa ya mawe:
makaa meupe, kwa kuwa ubao ni mweusi.

Nawazish wa dawati la nyuma,
ambaye huomba ruhusa hata ya kukohoa,
alisimama bila kuomba.
"Mwalimu, umeunenepesha."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka.
Alikuja mbele, akafuta kwa kiganja, akafuta tena,
akaacha uzi.
"Hivi. Baba huingia kwa ubavu.
Akitaka kugeuka, hutoka kwanza.
Punda wetu ana bahati,
humngojea pale paruhusupo kusimama."

"Na kwenye chumvi?" niliuliza,
nikitafuta pa kuiweka aibu yangu.

"Kwenye chumvi kuna nafasi, babu alikuwa huko.
Huchimba chumba, huacha chumba.
Kile kilichoachwa ndicho kinachoubeba mlima.
Kwenye makaa haachwi mtu kitu. Huweka magogo."

"Magogo ya nini?" Tehmina akadakia.

"Mkaratusi. Hulia kabla ya kuvunjika.
Baba hapendi tuimbe akiwa amelala,
anasema masikio yake yako kazini."

Mtaala unataka matumizi matano ya jasi.
Sikuyafikia.

Kengele ilipogongwa akaingia Bwana Farasat wa hesabu,
dasta mkononi.
Nikamwambia futa kote, pale paache.
Alitazama, akapandisha nyusi,
akaandika sehemu zake juu ya uzi ule na chini yake,
mkono ukiupita kwa mbali,
kama mtu anayevuka mlango mfupi
wa nyumba isiyo yake.