Kijiko cha Kumi na Mbili

Ruwi wanauza chambo cha plastiki,
riyali saba na nusu, jicho kama la mwanasesere.
Msellem alikirusha mara mbili. Ya tatu,
mwamba wa Kuriyati ukasema: changu.

Usiku ule nilifungua kabati la vyombo.
Seti ya harusi, vijiko dazeni.
Nikakata mpini kwa msumeno wa chuma,
nikatoboa matundu mawili, kichwani na mkiani,
pete ya funguo huku, ndoana ya meno matatu kule.
Chubwi? Risasi za kusawazishia magurudumu,
fundi matairi huzitupa mlangoni.
Niliziyeyusha katika kopo la maziwa,
dirisha wazi, watoto nje.

Fundo nalijua: mizunguko sita, mate,
ndipo uvute. Fundo kavu huunguza nailoni,
nayo hainung'uniki,
hungoja samaki aje ndipo ikatike.

Alfajiri, kabla jiwe halijashika moto,
nikarusha. Kijiko kikaja kombo,
kinachechemea kama aliyevaa kiatu kimoja.
Nikakikunja kwa koleo.
Kidogo. Kidogo tena.
Mara ya tisa mkono ukashtuka.

Si mkubwa. Kiganja na nusu, midomo minene.
Msellem akauliza, samaki gani huyo?
Changu, nikasema.
Akadhani namnyima.

Leo jioni wageni wanakuja kula halwa.
Mama mkwe amehesabu vijiko mara mbili,
sasa anaangalia chini ya jiko.